Jirani hana hata mpira mmoja wa dripu na mizabibu yake ni ya kijani. Yangu ina dripu na inakauka. Kwa nini?

#1 MwanaMpunguzi

Wakuu, salaam. Nina ekari moja ya zabibu huku Mpunguzi, Dodoma. Ni Makutupora nyekundu, niliipanda 2019. Nafasi mita mbili na nusu kwa moja na nusu, mashina kama elfu moja na themanini. Nina kisima kirefu, pampu ya sola, simtanki mbili za lita 5,000 juu ya mnara, na mipira ya matone (dripu) kwenye kila mstari, matundu mawili kila shina. Nafungulia saa moja kila asubuhi, bila kukosa. Mfumo huu niliukopea na bado nalipa.

Nilivuna Agosti, nikapogolea mwanzoni mwa Oktoba ili nivune tena Februari. Machipukizi yalitoka vizuri. Sasa tuko katikati ya Novemba, mvua hakuna, na theluthi ya shamba ncha zimesimama, majani yanaungua pembeni kama yamepitishwa kwenye moto.

Ng'ambo ya njia kuna shamba la mzee wangu mmoja. Hana kisima wala mpira. Mizabibu yake ilikuwepo tangu nikiwa mtoto. Majani yake leo ni ya kijani, mazito, unaweza kulala chini yake. Nimeenda kumuuliza, akaniambia, "Mwanangu, hii haijui kuomba."

Teknolojia tunaambiwa ndiyo mkombozi wa ukame. Mbona kwangu imegeuka? Naomba wenye uzoefu, si nadharia tu.

#2 Nduguye Zabibu

Zabibu ni mmea unaovumilia ukame mkuu. Umeizoesha vibaya. Kule Ufaransa kumwagilia ni marufuku kabisa na ndiko kwenye mvinyo bora duniani. Zima maji, itajitafutia.

#3 Fundi Bomba

#2 usimpoteze mwenzako. Ufaransa masharti yapo kwenye maeneo ya mvinyo yenye majina yaliyosajiliwa, na hata huko siku hizi kumwagilia kunaruhusiwa kwa kibali na kwa vipindi. Halafu wao wana mvua na theluji ya kipupwe inayojaza udongo kabla mzabibu haujaamka. Sisi Dodoma tunapata milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, zote kati ya Desemba na Aprili, kisha miezi saba udongo unatazamana na jua. Anayevuna Agosti amekuza zabibu zake zote kiangazi. Bila maji angevuna nini?

MwanaMpunguzi, jibu maswali haya: mnara una urefu gani? Chujio unasafisha lini? Matundu yameandikwa lita ngapi kwa saa?

#4 MwanaMpunguzi

Mnara mita tatu. Matundu ni ya lita nne kwa saa. Chujio… nilisafisha nilipofunga mfumo.

#5 Fundi Bomba

Nilijua. Kila mita kumi za urefu ndiyo bar moja, kipimo cha msukumo wa maji. Mnara wako wa mita tatu unatoa robo na ushee, na matundu mengi ya lita nne yametengenezwa kwa bar moja. Kwa hiyo hiyo "lita nne" ipo kwenye boksi tu. Chukua vikopo ishirini, weka chini ya matundu mwanzo, katikati na mwisho wa mistari, fungulia dakika 15, pima, zidisha mara nne. Ukimaliza rudi hapa. Kabla ya hapo tunabahatisha.

#6 Mama Hombolo

Poleni na kazi. Mimi nimelima zabibu miaka ishirini na mbili, na swali langu ni moja. Huyo mzee wa ng'ambo anavuna mara ngapi kwa mwaka?

#7 MwanaMpunguzi

Mama shikamoo. Mara moja, Machi. Agosti anachuma kidogo cha nyumbani. Hupogolea mvua ikishanyesha.

#8 Mama Hombolo

Marahaba mwanangu. Basi hapo ndipo penye neno. Wewe shina lako limetoa mzigo Agosti, halikupumzika vya kutosha, umelikata, umeliambia litoe machipukizi kwenye jua la Oktoba. Lake lina majani yaliyokomaa, halina tunda, halichipui. Mzabibu unaochipua ni kama mama anayenyonyesha, na ule wake ni kama bibi aliyeketi kivulini. Usiwalinganishe kwa kiu.

Sisemi uache mavuno mawili. Mimi mwenyewe navuna mawili. Lakini baada ya Agosti naacha shina likae na majani yake wiki saba, nane, lijaze akiba kwenye mti na mizizi, ndipo nachukua mkasi.

#9 Kipimo

Naunga mkono #8, ila tusisahau dalili aliyoitaja: majani yanaungua *pembeni*. Kiu ya kawaida kwenye mzabibu huanzia kwenye vile vikono vya kujishikia, vinalegea na kukauka, kisha ncha inasimama, kisha majani ya chini yanakuwa ya njano. Kuungua pembeni kwa mstari mkavu, tena majani makubwa kwanza, mimi huanza kuwaza chumvi. Mkuu, maji yako umewahi kupima?

#10 MwanaMpunguzi

Walipochimba walipima wakaandika 1.8. Sikujua ni nini, nilifurahi kuona maji tu.

#11 Kipimo

Hiyo itakuwa desisimensi kwa mita, kipimo cha chumvi kwa njia ya umeme. Mwongozo wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, wa ubora wa maji unaweka zabibu kwenye kundi linaloanza kupungua mavuno maji yakizidi 1.0 hivi. Sasa fanya hesabu hii na kalamu mkononi. Kila 1.0 ni takriban gramu 0.64 za chumvi kwa lita. Maji yako yana gramu 1.15. Unaweka lita nane kwa siku (tuamini boksi kwa sasa), hizo ni gramu tisa. Kuanzia Mei hadi mwisho wa Septemba ni siku 150. Umemwaga zaidi ya *kilo moja na robo* ya chumvi kwenye kila shina, msimu mmoja, mahali pale pale. Mmea unakunywa maji, chumvi unaiacha. Na kiangazi hakuna mvua ya kuisukuma chini.

Jirani yako chumvi yake inatoka wapi? Hana. Mvua haina chumvi.

#12 Nduguye Zabibu

Kumbe nilisema kweli, azime maji 😄

#13 Kipimo

Hapana ndugu yangu. Akizima leo, udongo ukikauka ile chumvi inakuwa kali zaidi kwenye maji kidogo yaliyobaki. Ndiyo hatari yenyewe.

#14 Mgogo wa Veyula

Mbukwenyi wote. Hili la chumvi si jipya kwetu. Maji ya bwawa la Hombolo yana chumvichumvi, kila mtu anayelima kule anajua. Ila mimi nakuja na lingine. Mzee huyo alipanda kwa *mtaro*. Wazee walichimba mtaro mrefu mstari mzima, kiunoni kwenda chini, wakashindilia samadi na udongo wa juu, wakaacha mvua moja ipite ndipo wakachomeka pingili. Vijana wa sasa mnachimba kishimo cha futi moja kwa sababu "dripu ipo". Mizizi inashuka kwa sababu kuna njia na kuna chakula chini. MwanaMpunguzi, wewe ulichimba nini?

#15 MwanaMpunguzi

Mashimo. Sentimita 45 kwa 45. Fundi aliyenifungia mfumo aliniambia kwa matone inatosha.

#16 Mvunaji Robertson

Salaam kutoka Robertson, Afrika Kusini. Nimetoka Kondoa, nafanya kazi kwenye mashamba ya zabibu huku mwaka wa tisa sasa. Nilikuwepo ukame wa Cape wa 2015 hadi 2018. Mwaka 2018 kilimo kwenye mfumo wa mabwawa ya Western Cape kilipunguziwa maji kwa asilimia 60. Nawaambieni tulichokiona kwa macho: mashamba yaliyozoea maji kidogo kila siku ndiyo yaliyolia kwanza. Yaliyokuwa yakipewa maji mengi mara chache yalisogeza siku.

Sababu yake ni kwamba mzizi unakaa panapolowana. Ukilowesha sentimita 30 za juu kila siku, mizizi yote myembamba inajaa hapo. Siku pampu ikigoma, shina halina benki. Bosi wetu alibadilisha ratiba ikawa masaa nane mara moja kwa siku sita, akaweka matandazo ya majani ya ngano chini ya mistari. Kabla hajafungua maji, anakata jani alfajiri kabla ya jua, analiweka kwenye chombo cha kubana hewa hadi utomvu utoke kwenye kikonyo, anasoma mmea una kiu kiasi gani. Anauliza mmea, hasomi kalenda.

#17 MwanaMpunguzi

#16 umenigusa. Sikuandika mwanzo, lakini mwezi wa kumi kidhibiti cha sola kiliungua. Shamba lilikaa siku kumi na moja bila tone. Nilinunua maji ya boza mara mbili, hela ikaisha.

#18 Fundi Bomba

Siku kumi na moja! Hilo ndilo jambo la kwanza ulilopaswa kuandika mkuu. Tunapiga ramli hapa kumbe mgonjwa alilala njaa.

Lakini #16, masaa nane kwenye kichanga cha Mpunguzi? Huku si Robertson. Kwenye mfinyanzi tone linatanuka kama sahani. Kwenye kichanga linashuka kama msumari. Ukifungua masaa nane nusu ya maji inapita chini ya mizizi, na mbolea inaondoka nayo. Kwa kichanga mimi nagawa: masaa mawili asubuhi, mawili jioni, napumzisha siku mbili.

#19 Mvunaji Robertson

Kupita chini kidogo ndiko kunakotoa chumvi kaka. Soma tena #11.

#20 Fundi Bomba

Na gharama ya kusukuma hayo maji ya kupita chini analipa nani? Kisima chake hakina mwisho? Maji ya chini ya Dodoma tunagawana na mji mzima, visima vya Mzakwe kwenye bonde la Makutupora ndivyo vinavyonywesha jiji. Kila lita inayopotea ni ya mtu.

#21 Mlimaji Kiwere

Hodi. Mimi si wa zabibu, nalima nyanya na mahindi mabichi Kiwere, Iringa, maji ya mfereji kutoka Ruaha Mdogo. Tulishiriki mradi wa Waaustralia uliotuletea kifaa kinaitwa Chameleon. Vipimio vinafukiwa kina tofauti tofauti, juu, katikati, chini. Ukichomeka kisomeo kinawaka taa: bluu udongo umeloa, kijani unatosha, nyekundu umekauka. Hakuna namba za kukuchanganya.

Kilichonishangaza ni kwamba nilikuwa namwagilia na chini taa ni bluu tu, wiki baada ya wiki. Nikaanza kuruka zamu. Mboji na mbolea zikabaki kwenye udongo, nyanya zikapendeza, na ugomvi wa zamu na majirani ukapungua. Sasa nyie mnabishana masaa nane au mawili, si mngetazama kwanza maji yanaishia wapi?

#22 Mgogo wa Veyula

Dada wa Kiwere kasema. MwanaMpunguzi, kabla ya kifaa chochote kuna sururu na chepe. Chimba pembeni ya shina linalokufa, chimba na kwa mzee, ulete habari.

#23 Kijana wa Setelaiti

Mnachimba nini zama hizi? FAO wana WaPOR, bure kabisa, inaonyesha mimea inapoteza maji kiasi gani Afrika nzima. Unakaa nyumbani unaona shamba lako.

#24 Kipimo

WaPOR ni nzuri kwa skimu na mabonde. Data yake kwa eneo kubwa la bara, kila kipande cha picha ni mita mia kwa mia. Ekari moja haijai hata nusu ya kipande hicho, utakuwa unasoma shamba lake, la mzee na njia ya ng'ombe kwa pamoja. Afadhali picha za setelaiti za Sentinel-2, kipande cha mita kumi kwa kumi, zinarudi kila siku tano. Ekari moja inapata kama vipande arobaini. Hapo unaona kona ipi imeanza kufifia kabla ya jicho.

#25 Kijana wa Setelaiti

Asante, nimeelewa. MwanaMpunguzi nitumie mipaka ya shamba faragha, nikuangalizie kuanzia Julai.

#26 Mkamba wa Makueni

Hamjambo ndugu zangu, nafuatilia kutoka Makueni. Nilikuwa nataka kujaribu zabibu nusu ekari, sasa mmenitia wasiwasi na chumvi. Huku kwetu maji ya visima virefu mengi ni ya chumvi vilevile. Tulichofanya ni mabwawa ya mchanga: tunajenga ukuta kwenye korongo la msimu, mafuriko yanaleta mchanga, mchanga unashika maji ndani. Jua haliyafikii, na ni maji ya mvua, matamu. Dodoma si mna makorongo ya mchanga kila mahali?

#27 Mgogo wa Veyula

Tunayo, na ng'ombe wetu wananywa humo kwa kuchimba visima vya mkono. Hili wazo lako ndilo bora kuliko yote humu na limekuja kutoka ng'ambo ya mpaka.

#28 Mama Hombolo

Karibu Mkamba. Panda, usiogope, ila pima maji kabla ya kununua mpira hata mmoja.

#29 Mchuzi Mkavu

Mimi nitawaharibia starehe. Mnahangaika na matone, sensa na setelaiti, halafu zabibu ikiiva mnabembeleza mnunuzi. Nimewahi kuona vichala vikioza shambani kwa kukosa soko, wakati mchuzi wa zabibu (maji yake ya kutengenezea mvinyo) kwenye matenki haujapata mteja. Mkulima ambaye hana uhakika wa kuuza hawezi kusafisha chujio, hawezi kununua vipimio. Tatizo la MwanaMpunguzi si mizizi, ni mkopo. Anavuna mara mbili kwa sababu ya mkopo, si kwa sababu shina limekuwa tayari.

#30 MwanaMpunguzi

#29 umesema kweli na imeniuma. Rejesho ni kila mwezi. Zabibu haijui mwezi.

Majibu ya vikopo (#5): karibu na tanki lita 2.6 kwa saa. Katikati 2.1. Mwisho wa mistari 0.7, na matundu manne kati ya ishirini hayatoi kabisa. Nilipokata mwisho wa mpira mmoja lilitoka tope jekundu na kitu kama utelezi wa kijani.

Lakini nitoe angalizo: mashina yanayokufa *hayako* mwisho wa mistari peke yake. Yapo mengi katikati, na mengine hatua kumi kutoka kwenye tanki.

#31 Fundi Bomba

Mwani na kutu. Simtanki inapitisha mwanga? Ipake rangi nyeusi. Fungua miisho ya mipira maji yapite kwa nguvu hadi yawe meupe, kila wiki mbili. Chujio kila siku tatu. Na kwa lita hizo, wastani unatoa kama tatu na nusu kwa shina, si nane. Mzabibu uliojaa majani kwa nafasi yako, siku ambayo jua linavuta milimita tano za maji, unataka kama lita kumi na moja. Umekuwa ukiupa chini ya nusu mwaka mzima.

#32 Kipimo

Kwa haki, basi na hesabu yangu ya chumvi ishuke. Kwa lita tatu na nusu ni kama gramu 600 kwa msimu. Bado ni nyingi, lakini nimesahihisha.

#33 Mvunaji Robertson

Na chini ya nusu si lazima iwe vibaya. Huku tunawanyima maji kwa makusudi, kati ya tunda kushika na rangi kuanza kubadilika. Punje zinakuwa ndogo, ganda nene, rangi na sukari juu. Kinachoua ni kunyima wakati wa maua na wakati wa machipukizi machanga. Yeye siku kumi na moja zimempata palepale.

Kuna na ile ya mipira miwili kila mstari, unalowesha upande mmoja wiki mbili, unahamia wa pili. Mizizi ya upande mkavu inapeleka taarifa kwenye majani yafunge vinyweleo, wakati upande wa pili unakunywa. Waisraeli walibuni hiyo.

#34 Kipimo

Waisraeli ni matone yenyewe, Simcha Blass na kiwanda cha Netafim pale kibbutz (kijiji cha ushirika) Hatzerim, 1965. Hii ya kukausha nusu ya mizizi ni ya Australia, miaka ya 1990, Peter Dry na Brian Loveys, Adelaide. Na majaribio mengi yaliyofuata yalipolinganisha kiasi kilekile cha maji, mpira mmoja dhidi ya miwili, tofauti ilikuwa ndogo au haikuonekana. Faida kubwa ilitokana na kupunguza maji, si kuhamisha upande. Nisingemshauri mtu mwenye mkopo anunue mipira mara mbili.

#35 Mvunaji Robertson

Nakubali kuhusu Australia. Kuhusu faida sikubali, nimeona shamba linalofanya hivyo na linapendeza. Tukutane kwenye mavuno.

#36 MwanaMpunguzi

Nimechimba wakuu. Nimetumia siku nzima, nimeitisha vijana wawili.

Shina langu linalokufa, la katikati: unyevu hadi sentimita 30. Mizizi kama nywele imejazana humo, imeshikana kama mkeka. Chini ya hapo vumbi. Sentimita 60 sururu inagonga tabaka gumu jekundu, hakuna mzizi hata mmoja uliopita. Pembeni ya duara la unyevu kuna mstari mweupe, nimelamba, ni chumvi.

Shina langu zima, mistari miwili kando: unyevu uleule, mkeka uleule, na mstari mweupe *pia upo*. Ila tabaka gumu lina ufa na mzizi mmoja mnene umepita.

Kwa mzee: mtaro upo kweli, udongo mweusi hadi kifuani kwangu nikisimama ndani. Mizizi minene kama kidole inaendelea chini, nimeshindwa kuifuata. Lakini pia nimeona kitu ambacho sijawahi kukiangalia maisha yangu yote hapa. Shamba lake liko chini ya njia. Maji ya mvua yote ya barabara, hadi ya kwangu, yanaingia kwake. Kachimba kijimfereji kidogo, kakifunika na nyasi.

#37 Mgogo wa Veyula

Nilisema mtaro.

#38 Fundi Bomba

Na mimi nasema mzee naye anamwagilia! Anamwagilia mara moja kwa mwaka, na tanki lake ni udongo.

#39 Kipimo

Mstari mweupe upo kwenye shina zima pia, kwa hiyo chumvi peke yake haitoshi kueleza. Lakini shina zima lina mzizi uliopata maji matamu chini. Huenda chumvi inaua pale tu penye tabaka gumu. Peleka udongo wa pande zote mbili TARI Makutupora, kituo cha utafiti wa kilimo, wapime, na chukua kutoka sentimita 0–30 na 30–60 kando kando, usichanganye.

#40 Mama Hombolo

Angalia na mkeka huo wa mizizi kama una vifundo vidogo vidogo. Minyoo ya udongo inapenda kichanga chenye unyevu wa kila siku, na shina lenye minyoo linafanana kabisa na lenye kiu hata ukilipa pipa zima.

#41 MwanaMpunguzi

Mama, vifundo vipo kwenye baadhi. Nilidhani ni kawaida yake.

#42 Mama Hombolo

Hapo sasa tumeongeza ugonjwa mwingine. Wapelekee na mizizi, ifunge kwenye mfuko na udongo wake wenye unyevu.

#43 MwanaMpunguzi

Nitafanya hivi, mniambie kama nakosea. Mistari minne natenga. Wa kwanza naendelea kama zamani. Wa pili matandazo ya mabua ya mtama na maji yaleyale. Wa tatu masaa manne kila siku ya nne, nusu ya #16 na nusu ya #18. Wa nne nachimba mtaro upande mmoja tu wa mashina, navunja lile tabaka, najaza samadi, nageuza maji ya njia yaingie humo. Nimeshaongea na mzee, amesema maji ya mvua yanatutosha wote. Mavuno ya Februari kwenye yale yanayougua nimeyaacha, nimetoa vichala vyote. Dada wa Kiwere, nielekeze wanakopata kile kifaa cha taa.

#44 Mlimaji Kiwere

Nakuja faragha. Kifukie kwenye mistari yote minne, usibahatishe mmoja.

#45 Mkamba wa Makueni

Leta matokeo hata yakiwa mabaya. Nusu ekari yangu inasubiri uzi huu.

#46 Kipimo

Jambo moja la haraka, mawingu yameshaonekana. Mvua ya kwanza ikiwa nyepesi, ile chumvi ya pembeni inayeyuka na kurudishwa ndani kwenye mizizi. Mvua ikianza, *fungua matone* na yaache yaende mpaka inyeshe ya kutosha. Watu watakushangaa, wewe fungua.

#47 MwanaMpunguzi

Imeanza saa kumi na robo, manyunyu. Nimefungua koki zote. Mzee amesimama njiani na mwavuli, ameuliza kwa nini namwagilia mvua inanyesha, nikamweleza habari ya chumvi. Amesikiliza mpaka mwisho. Kisha akaingia kwake, akatoka na mkasi. Ameanza kupogolea mstari wa kwanza.